Deni la Majina: Vita vya Baharini Mbele ya Mji Mkongwe, 1914–1916



Mada niliyopewa ni vita vya baharini vya mwaka 1914 na miaka iliyofuata, kama vilivyopita hapa kwetu. Nitavieleza kwa kufuata manowari tatu. Ya kwanza ni ya Kiingereza, nayo imelala chini ya maji mbele ya mji huu. Ya pili ni ya Kijerumani, nayo imemezwa na tope la Rufiji. Ya tatu ilitoka Australia, ikakaa katika bahari yetu mwaka mmoja na nusu, kisha ikarudi kwao na mabaharia wake wakawa babu za watu. Hiyo ya tatu ndiyo isiyotajwa sana Unguja, nami nimeichagua makusudi, kwa sababu familia za mabaharia wake zina kitu ambacho familia nyingi za pwani hii hazina: karatasi yenye jina.

Hoja yangu naitoa mapema ili muipime tangu sasa. Watu wa pwani hii walikuwamo ndani ya vita hivyo kwa mikono yao, kwa migongo yao na kwa roho zao. Nani akumbukwe na nani asahauliwe, hilo ushujaa haukuliamua. Liliamuliwa na karani: aliandika jina au hakuandika, na daftari lake lilitunzwa au lilitupwa. Sehemu ya kazi hiyo ya kuandika bado inawezekana, na wa kuifanya ni sisi.

Alfajiri ya Jumapili

Manowari Pegasus ilishushwa majini mwaka 1897. Ilikuwa meli ya tani elfu mbili na kidogo, yenye mizinga minane ya inchi nne. Kabla ya vita ilihudumu miaka kadhaa katika maji ya Australia, kwa hiyo watu wa Sydney waliijua kwa sura kabla sisi hatujaijua. Mwaka 1914 ilikuwa chini ya kikosi cha Kiingereza cha Rasi ya Tumaini Jema, pamoja na Hyacinth na Astraea, zote tatu zikiwa meli zilizokwisha kupita ujana wao.

Upande wa pili ilikuwako Königsberg. Hii ilishushwa majini mwaka 1905, ilikuwa na mbio zaidi, na mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ilifika mbali kuliko ile ya Pegasus. Iliingia Dar es Salaam Juni 1914, na watu wa mji ule wakafurahia kuitazama. Tarehe 31 Julai, vita vikiwa vinanukia, nahodha wake Max Looff akaitoa bandarini kabla Waingereza hawajamfungia mlango. Siku chache baadaye, tarehe 6 Agosti, iliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester karibu na pwani ya Oman, ikiwa imesheheni chai. Tarehe 8 Agosti Astraea ikaipiga Dar es Salaam, shabaha ikiwa mnara wa simu isiyo na waya. Hivyo ndivyo vita vya Ulaya vilivyoingia katika bahari yetu, siku chache tu baada ya kutangazwa.

Septemba ile mitambo ya Pegasus ilihitaji matengenezo, na nahodha John Ingles akatia nanga hapa Unguja. Zanzibar wakati huo ilikuwa chini ya Sayyid Khalifa bin Harub, na ulinzi wake ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Mitambo ilifunguliwa, na tagi ndogo iitwayo Helmuth ikawekwa kulinda mlango wa kusini. Habari zilimfikia Looff kwamba bandarini kuna manowari.

Jumapili ya tarehe 20 Septemba 1914, baada ya saa kumi na moja alfajiri, saa za watu kutoka kusali, Königsberg ilitokea kusini na kufyatua kutoka masafa ya kilomita nane hivi. Pegasus ilijibu, lakini makombora yake yalianguka majini bila kufika. Haikuweza kung'oa nanga kwa kuwa mitambo yake ilikuwa vipande vipande. Mapambano yalikwisha jua likiwa bado halijapanda. Looff akamwaga majini mapipa yaliyojazwa mchanga ili Waingereza wadhani ni mabomu ya kutega, akaondoka. Meli iliyopigwa ilivutwa ipelekwe maji mafupi, ikashindikana. Alasiri ikapinduka na kuzama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa na zaidi ya 50 walijeruhiwa.

Juu ya dakika zile za mwisho kuna simulizi mbili ambazo hazijapatanishwa hadi leo. Moja inasema bendera ya Pegasus iliangushwa na makombora, na askari wa majini wakaishika kwa mikono ili isishuke. Nyingine inasema kitambaa cheupe kilipandishwa. Waingereza waliikuza ile ya kwanza, Wajerumani wakaishika ile ya pili. Mwanafunzi wa historia azingatie jambo hilo: hata mahali ambapo maofisa wa pande mbili walishika kalamu na kuandika ripoti, kila upande uliandika kilichoupendeza. Itakuwaje basi kwa wale ambao upande wao haukuandika kabisa?

Ishirini na wanne kati ya waliokufa wamezikwa pamoja Chapwani, kile kisiwa kidogo kilicho kaskazini ya bandari ambacho watalii hukiita Kisiwa cha Makaburi. Makaburi ya pale yalianza kutumika tangu enzi ya Sayyid Barghash, na waliotangulia kuzikwa humo ni mabaharia wa meli kama London, iliyokuwa ikivizia majahazi ya watumwa. Ukienda leo utakuta popo juu ya miti, paa wadogo wakikimbia vichakani, na makaburi yanayofagiliwa.

Tuwasitiri maiti wale kwa heshima wanayostahili. Lakini mtu wa Unguja akisimama pale Chapwani na kugeuza uso kuelekea Forodhani, ana haki ya kukumbuka maji yale yale miaka kumi na minane kabla yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga jumba la Sayyid Khalid bin Barghash, vita vikaisha kwa muda usiofika saa moja. Meli ya Sultani, Glasgow, ilijibu mashambulizi na ikazamishwa. Upande wa Unguja watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Waliokufa 1914 wana kaburi lenye majina. Nani atanionyesha jiwe la watu wa 1896?

Mitambo iliyovutwa kwa kamba

Baada ya shambulio la Unguja, Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Ile ni nchi ya mikoko na mikono mingi ya mto, ambako kwa karne nyingi majahazi yalikwenda kukata boriti za kujengea nyumba za Unguja, za Lamu na za Ghuba. Dari nyingi za Mji Mkongwe zimekaa juu ya miti ya Rufiji. Manowari Chatham iliigundua pale tarehe 30 Oktoba 1914, lakini maji yalikuwa mafupi na Waingereza hawakuweza kuifuata ndani.

Mitambo ya meli ile nayo ilikuwa mibovu. Wajerumani walizifungua sehemu zilizoharibika na kuzipeleka Dar es Salaam kwa nchi kavu, kwenye karakana, kisha wakazirudisha Rufiji. Hapakuwa na reli wala barabara ya gari katika njia hiyo. Vyuma vile vilikwenda na kurudi kwa kamba na kwa nguvu za watu weusi wa pwani, katika vichaka na matope. Ukisoma vitabu vya Kizungu utapata jina la mhandisi aliyeshughulikia mashine. Waliozivuta hutajwa kwa neno moja, wapagazi, kisha ukurasa unageuzwa.

Hapo ndipo manowari yetu ya tatu inapoingia.

Pioneer

Pioneer ilikuwa ndugu wa Pegasus, ya aina ile ile na umri unaokaribiana. Waingereza waliikabidhi kwa jeshi jipya la majini la Australia mwaka 1913. Vita vilipoanza ilikuwa pwani ya magharibi ya Australia, na Agosti 1914 ilikamata meli mbili za biashara za Kijerumani karibu na Fremantle. Pegasus ilipozama na Königsberg ikawa bado hai, Uingereza iliomba meli zaidi kwa ajili ya Afrika Mashariki, khasa meli ndogo zenye uwezo wa kusogea karibu na nchi. Australia ikaitoa Pioneer. Iliondoka Fremantle Januari 1915, ikaingia Unguja Februari, kaskazi ikivuma. Mabaharia wake, zaidi ya mia mbili, wengi walikuwa vijana ambao walikuwa hawajapata kuiona Afrika.

Kazi waliyoikuta haikufanana na vita vilivyochorwa magazetini. Tarehe 1 Machi 1915 Waingereza walitangaza kuifunga pwani yote ya Wajerumani, na Pioneer ikawa mojawapo ya meli za kuifunga. Maana yake ni kwenda na kurudi mbele ya mwambao, mchana na usiku, kukagua kila tanga linaloonekana, kuja Unguja kupakia makaa ya mawe, kisha kutoka tena. Joto ndani ya chumba cha boila lilikuwa adhabu, na malaria iliwafuata hadi ndani ya meli. Siku za mizinga zilikuwa chache, siku za jasho zilikuwa nyingi.

Kufungwa kwa pwani kuliwaumiza watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Nahodha wa jahazi aliyezoea kutoka Unguja kwenda Rufiji au Kilwa kwa boriti, mtama na chumvi aliambiwa kwamba njia ya babu zake sasa ni kosa. Wavuvi walisimamishwa na kupekuliwa. Nyumba ya Unguja iliyokuwa na mtoto wa kike aliyeolewa Kilwa ilikatwa naye ghafla. Katika kumbukumbu za meli, jahazi lililosimamishwa ni mstari mmoja wenye saa na mahali. Kwa mwenye jahazi ni msimu mzima wa chakula.

Julai 1915 ndiyo ikaja ile siku. Waingereza walikuwa wamekwisha kuichukua Mafia mwezi Januari, wakatengeneza huko uwanja wa ndege. Wakazileta Severn na Mersey, meli bapa zenye kina kifupi, zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Tarehe 6 Julai meli hizo mbili zilipanda mto, huku Pioneer na wenzake wakipiga vituo vya Wajerumani mlangoni, na ndege ikielekeza shabaha kutoka juu. Siku hiyo hawakufaulu. Tarehe 11 Julai walirudia, na Königsberg ikaumia hata Looff mwenyewe akaamuru iharibiwe.

Mizinga yake kumi haikuzama nayo. Wajerumani waliitoa, ikavutwa hadi Dar es Salaam, tena kwa mikono ya watu, na ikatumika katika vita vya nchi kavu vya kamanda wao Lettow-Vorbeck. Waingereza nao waliitoa mizinga ya Pegasus majini na kuipa kazi upya. Leo, atakayeingia Ngome ya Yesu kule Mombasa ataukuta mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg imewekwa pamoja, maadui wa alfajiri ya Unguja wakiwa majirani.

Pioneer ilibaki. Katikati ya mwaka 1916 ilishiriki kuipiga Dar es Salaam, na mwezi Agosti ikaruhusiwa kurudi kwao, wiki chache kabla mji ule haujasalimu amri tarehe 4 Septemba. Katika vita hivyo Waingereza walimpata pia mtu wa kwetu aliyekimbilia mji ule: Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa mkimbizi tangu 1896. Walimkamata na kumpeleka uhamishoni. Miaka ishirini ilikuwa imepita, na daftari lao bado lilikuwa na jina lake.

Pioneer ilifika Sydney Oktoba 1916. Ilikuwa imechakaa, haikurudi tena vitani, na mwaka 1931 ilipelekwa nje ya bandari ya Sydney ikazamishwa.

Kumbukumbu ya nyumbani kwao

Tuwageukie sasa familia za mabaharia hao. Wanahistoria wa jeshi lao la majini husema kwamba huenda Pioneer ndiyo meli ya Australia iliyofyatua makombora mengi zaidi dhidi ya adui katika vita vile. Pamoja na hayo, muulize Muaustralia wa kawaida habari ya vita vya baharini vya 1914, atakutajia manowari Sydney iliyoipiga Emden tarehe 9 Novemba 1914 kwenye visiwa vya Cocos. Muulize habari ya vita vyote, atakutajia Gallipoli. Rufiji hataitaja. Kumbukumbu ya taifa huchagua, na hupenda kisa kifupi chenye ushindi kuliko mwaka na nusu wa malaria na makaa.

Lakini nyuma ya kumbukumbu ya taifa ipo kumbukumbu ya nyumba, na hii ndiyo inayoniletea wivu. Mjukuu wa baharia wa Pioneer anaweza kuomba Nyaraka za Taifa za Australia karatasi ya utumishi ya babu yake. Humo atakuta tarehe ya kuzaliwa, kazi aliyokuwa nayo kabla ya kuandikishwa, urefu wake, rangi ya macho, chale mkononi, meli alizohudumu na siku alizolala hospitali. Anaweza kwenda Canberra, kwenye Kumbukumbu ya Vita iliyofunguliwa mwaka 1941, akakuta majina ya waliokufa yamepangwa ukutani. Kila tarehe 25 Aprili anaweza kuvaa medali za babu upande wa kulia wa kifua na kuandamana nazo barabarani. Babu aliyekuwa mpiga makaa, mtu wa cheo cha chini kabisa, anakumbukwa kwa jina, la kwanza na la ukoo.

Kumbukumbu hiyo imehifadhi hata sura yetu. Wakati ule wapiga picha Wagoa wa Mji Mkongwe, A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho miongoni mwao, walikuwa wakiuza kadi za posta zenye picha za Forodhani, za milango ya nakshi, za wachukuzi na za wanawake waliovaa kanga. Kadi hizo zilisafiri dunia nzima mifukoni mwa abiria na mabaharia, na nyingi zimo katika makusanyo ya watu hadi leo. Chini ya picha imechapishwa Zanzibar, na pengine kazi ya anayeonekana: mchukuzi, muuza maji, mvuvi. Aliyepiga picha ametajwa. Aliyepigwa hakutajwa.

Waliokuwamo na hawakuandikwa

Watu wetu katika kisa hiki walikuwa wa makundi manne, na ni vizuri kuyapambanua.

La kwanza ni mabaharia hasa. Tangu karne ya kumi na tisa jeshi la majini la Kiingereza liliajiri Waafrika kutoka Unguja, Aden na Bombay, likiwaita Masidi. Walifanya kazi kwenye mashua, kwenye makaa na kwenye moto wa boila, na wengine walikuwa wakalimani. Desturi hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne vita vilipoanza. Baharia huyo aliweza kuandikwa kwa jina moja tu lisilo la baba wala la mji, na mjukuu wake akilitafuta leo atakuta Mabruki au Juma, asijue ni Mabruki wa nani.

La pili ni watu wa bandari: hamali waliopakia makaa kikapu kwa kikapu, mafundi, waendesha mashua waliobeba watu na maji, marubani waliojua kina cha kila mlango kati ya Unguja na nchi kavu. Bila makaa manowari ya wakati ule ilikuwa chuma kilichoelea tu, kwa hiyo kila safari ya Pioneer ilianzia mabegani mwa hamali.

La tatu ni wapagazi. Vijana wa Unguja na Pemba walichukuliwa kwenda bara kubebea majeshi ya Kiingereza mizigo, kama walivyochukuliwa wenzao wa Kenya, Tanganyika na Uganda. Walikufa zaidi kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa kuliko kwa risasi.

La nne ni wale wa upande wa Wajerumani, waliovuta mitambo na mizinga ya Königsberg. Wengi walikuwa ndugu wa damu wa watu wa visiwani. Nasi tukiwahesabu wa upande mmoja tu tutakuwa tumerudia kosa lile lile la waliotutawala.

Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita, na msingi wake mkubwa ulikuwa kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa usawa, bila kutazama cheo wala rangi. Aprili 2021 tume hiyo hiyo, ambayo sasa ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikakiri kwamba msingi huo haukufuatwa kwetu. Ripoti inasema watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika Mashariki, Waafrika Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Hiyo ndiyo hesabu ya deni ninalolizungumzia, nayo imetolewa na mdaiwa mwenyewe.

Kuandika kunawezekana pakiwa na nia, na ushahidi upo. Tarehe 12 Februari 1944, katika vita vya pili, meli ya abiria Khedive Ismail iliyotoka Kilindini kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache, na watu 1,297 wakafa. Ndani yake kilikuwamo kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, ambacho kilipoteza watu 675. Askari hao hawana makaburi, kaburi lao ni bahari, lakini majina yao yamechongwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ulio katika makaburi ya vita Nairobi. Familia inaweza kwenda kulitia kidole jina la babu. Baina ya 1914 na 1944 ilipita miaka thelathini tu. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mtu aliandika.

Pingamizi la haki

Najua wapo humu ndani wenye swali, nalo ni swali la haki. Vita vile vilikuwa vya wakoloni, waligombana wao kwa wao, kisha wakagawana nchi yetu. Kwa nini tuwahangaikie waliowatumikia?

Jawabu langu ni hili. Kumkumbuka mtu si kukisifu kilichomuua. Wapagazi wengi hawakujitolea, walishikwa. Hamali alipakia makaa kwa kuwa ndiyo kazi iliyokuwako na watoto walitaka kula. Mtu wa Rufiji aliyefungwa kamba ya mtambo begani hakuulizwa kama anampenda Kaisari. Tukiwaacha bila majina kwa hoja kwamba vita havikuwa vyao, tutawaadhibu kwa jambo ambalo wao ndio waliodhulumiwa nalo. Tena historia ya wanyonge wa Unguja itabaki imeandikwa na makamanda wa meli, ambao sisi kwao ni mandhari ya bandari tu.

Wapo pia watakaosema muda umepita, waliojua wamekufa. Wengi wamekufa, kweli. Lakini mzee wa miaka 80 aliye hai leo alikaa ukumbini na babu aliyekuwa kijana mwaka 1914. Alisikia. Kinachotakiwa ni kumuuliza kabla ya msimu ujao.

La kufanya

Namalizia na maombi, nayo ni ya vitendo.

Kwa familia: kaeni na wazee wenu muandike. Jina la babu, jina la baba yake na la babu yake, kijiji au mtaa, kazi aliyofanya wakati wa vita, meli au kikosi kama kinatajwa, mahali alipofia na aliyeleta habari. Andikeni pia jina la aliyesimulia na tarehe ya kusimulia. Kama simulizi mbili zinapingana, andikeni zote mbili. Picha zilizomo masandukuni ziandikwe nyuma kwa penseli, ni nani na ni wapi. Kisha pelekeni nakala Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani, mahali ambapo mvua na mchwa hawataifikia kwa urahisi kama nyumbani.

Kwa walimu: kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kumhoji mzee mmoja. Skuli kumi zikifanya hivyo kwa mwaka mmoja, tutakuwa na kumbukumbu ambazo hakuna kanali aliyetuandikia.

Kwa wenye mamlaka ya makumbusho: Beit el Ajaib ilianguka sehemu yake Disemba 2020, na inahitaji kujengwa na kupangwa upya. Ikifunguliwa iwe na nafasi ya vita vya baharini, ndani yake watajwe pamoja watu wa Glasgow wa 1896, mabaharia wa Pegasus, Masidi, hamali na manahodha waliofungiwa njia. Na bandarini, mahali ambapo kila mpita njia ataona, lisimamishwe jiwe la watu wetu.

Kwa wenzetu wa Australia na Uingereza wenye masanduku ya babu zao: tunaomba nakala za shajara, barua na picha zinazoitaja Unguja. Ndani yake huenda limo jina la mtu wetu ambalo sisi tumelipoteza na nyinyi hamkujua kwamba mnalo.

Kazi ianze wiki hii, nyumbani kwa kila mmoja wetu. Aliye na mzee asimwache alale bila kumuuliza.